Nani Kasema, na Kesho Tutakikuta?

Hii ni hotuba niliyoitoa hapa Mtwara mjini mbele ya walimu wa sekondari, wanafunzi na wazazi. Naiweka yote kwa ajili ya wenzetu wa Newala, Nanyumbu na Liwale ambao hawakuweza kufika.

Wazee wangu, shikamooni. Walimu, poleni na kazi. Wanangu mliokaa chini hapa mbele baada ya viti kwisha, nimewaona, na nawashukuru kwa kuwapisha wakubwa.

Nimeombwa nizungumze kuhusu maktaba katika zama hizi za mtandao. Nimekuwa mkutubi miaka 19 sasa, na swali ninaloulizwa kuliko yote halihusu kitabu chochote. Nimeulizwa sokoni, nimeulizwa ndani ya bajaji nikienda Mikindani, nimeulizwa hata msibani: "Hivi nyie bado mna kazi? Si kila kitu kiko kwenye simu?" Zamani nilikuwa nacheka na kupita. Leo nataka nilijibu, maana wanaoliuliza wanauliza kwa nia njema, na wanastahili jibu.

Nianze na karatasi moja.

Kijana wa kidato cha tano, anasoma HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza, aliingia maktaba robo saa kabla hatujafunga. Mkononi ana karatasi ya daftari imekunjwa mara nne, imelowa jasho. "Shikamoo mama. Naomba hivi vitabu." Nikaikunjua. Vitabu saba kuhusu Vita vya Majimaji upande wa Lindi. Kila kitabu kina mwandishi, kina mwaka, kina mchapishaji na mji kilikochapishwa. Imeandikwa vizuri kuliko orodha nyingi ninazoletewa na watu wazima. Nikafurahi kwelikweli. Nikamwambia arudi kesho.

Nikaenda rafu ya 967.8, ndipo inapokaa historia ya Tanzania. Hamna. Nikafungua droo za kadi, nikapekua kwa jina la mwandishi, nikapekua kwa jina la kitabu. Hamna. Asubuhi nikawapigia wenzangu wa maktaba nyingine mbili. Hamna. Mwandishi mmoja nilimfahamu, ni mwanahistoria wa kweli, lakini kitabu kile hakuwahi kukiandika. Siku mbili, ndugu zangu. Siku mbili nikitafuta vitabu saba ambavyo havijawahi kuandikwa na mtu yeyote duniani.

Kijana aliporudi nikamuuliza, "Mwanangu, orodha hii umeitoa wapi?" Akasema, "Nimeiuliza akili mnemba, mama." Hakuwa anadanganya. Alidanganywa, tena kwa lugha safi, bila kigugumizi.

Tuelewane hapa, walimu, kwa sababu hili mtakutana nalo darasani kama hamjakutana nalo bado. Mashine hizi, ambazo wengine wanaziita akili unde, zimelishwa maandishi mengi mno, zikajifunza neno gani hufuata neno gani. Ukiziomba vitabu, zinatunga kitu chenye sura ya orodha ya vitabu: jina lenye sura ya jina, mwaka wenye sura ya mwaka. Nyingine siku hizi hupitia kwanza kurasa za mtandaoni kabla ya kujibu, na hapo kunakuwa na nafuu. Lakini ile tabia ya kujaza pengo kwa maneno matamu haijaisha.

Na msidhani ni sisi wa Kusini tu tuliopatikana. Mwaka 2023, mawakili huko New York walipeleka mahakamani hoja zilizotaja hukumu za kesi ambazo hazikuwahi kutokea. Walizipata kwa mashine hiyohiyo. Jaji akawatoza faini ya dola 5,000. Mei 2025 gazeti la Chicago Sun-Times lilichapisha orodha ya vitabu 15 vya kusoma msimu wa joto. Vitabu 10 kati ya hivyo havipo. Waandishi ni wa kweli, tena wakubwa, ila vitabu vimetungwa majina. Hebu fikirieni wakutubi wa Chicago wiki ile, wasomaji wanakuja na kipande cha gazeti mkononi. Uchungu wao naujua.

Sasa kinachoniuma zaidi ni hiki. Habari za kweli za Majimaji zipo. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa chuo kikuu, Dar es Salaam, walitumwa vijijini kwetu huku Kusini, wakakaa na wazee, wakaandika walichoambiwa. Walikuwepo bado wazee waliokuwa vijana boma la Liwale lilipochomwa mwaka 1905. Maneno yao yamo kwenye karatasi. Mtu aliulizwa, mtu alijibu, mtu aliandika tarehe na jina la kijiji. Kijana wetu hakuyapata. Alipewa vitabu saba hewa badala ya babu zake mwenyewe.

Ndiyo maana ninapokaa na msomaji mbele ya jibu lolote, la kitabu au la simu, nina maswali mawili. Nani kasema? Na kesho tutakikuta? Nataka muondoke nayo hayo mawili, maana yote nitakayosema leo yamo humo.

Nani kasema.

Msimu mmoja wa korosho alikuja mzee kutoka upande wa Tandahimba. Mashada ya maua ya mikorosho yake yamefunikwa na unga mweupe, ugonjwa wa ubwiriunga, nyote mnaujua. Akanionyesha simu. Kwenye grupu la WhatsApp kulikuwa na meseji ndefu imezungushwa mara nyingi, inaeleza mchanganyiko wa dawa, vipimo kabisa, vifuniko vingapi kwa ndoo ngapi, na mwisho imeandikwa kwamba ni ushauri wa wataalamu. Wataalamu gani? Haikusema. Wa wapi? Haikusema. Ya mwaka gani? Haikusema.

Nikamwambia, baba, sisi tunao wataalamu hapa mlangoni. Naliendele ni kilometa chache tu kutoka ninaposimama, na kituo kile cha utafiti kimeishi na mkorosho miaka mingi. Tulikuwa na kijitabu chao maktaba. Nikakifungua mezani, tukasoma pamoja habari ya salfa, kwamba inapulizwa alfajiri, majani yakiwa bado na umande na upepo umetulia. Mzee akasema hilo la alfajiri analijua tangu kwa baba yake. Akakopa kijitabu. Kiliporudi, ukurasa wa kati ulikuwa na doa la mabibo, kahawia, pana kama kiganja, na lile doa halitoki hata ufanyeje. Wenzangu walitaka tukitoe rafuni. Nikakataa. Kitabu chenye doa la mabibo ni kitabu kilichofika shambani.

Na leo mambo yamezidi kusogea kwenye simu. Mnada wa korosho wenyewe siku hizi unaendeshwa kwa mtandao, bei inasomwa kwenye skrini mbele ya wakulima. Mkulima wa leo analazimika kuijua skrini atake asitake. Basi ni haki yake kufundishwa kuisoma, na hiyo ni kazi yetu wakutubi kama ilivyo kazi ya mtu mwingine yeyote.

Kuna jambo wengi hawalijui kuhusu Google, na mimi kama mkutubi napenda kulisema. Vijana wawili walioianzisha mwaka 1998, Larry Page na Sergey Brin, walikuwa chuoni Stanford ndani ya mradi wa maktaba ya kidijitali. Maktaba! Na wazo lao la kupanga kurasa linafanana sana na lile ambalo watu wa maktaba na utafiti walilijua zamani: andiko linalotajwa na wengi huwa lina uzito. Basi wakahesabu: ukurasa upi unaelekezewa linki na kurasa nyingi nyingine, na hizo kurasa zenyewe zina uzito gani. Siku hizi wanatazama mambo mengi zaidi ya hilo, lakini mzizi ndio huo.

Sasa jiulizeni. Kama mashine inapanga kwa kutazama nani anatajwa na nani, na sisi hatujajitaja, tutaonekana wapi?

Chukueni Tendaguru. Mko wangapi hapa mmefika Tendaguru? Nyoosheni mikono. Mmoja, wawili... watatu. Ni Lindi pale. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosaria, zaidi ya tani 200. Ilibebwa na watu wetu, vichwani na mabegani, kwa miguu hadi bandari ya Lindi, ikapandishwa meli. Mifupa hiyo leo imesimama makumbusho ya Berlin, kiunzi kimoja kizima kina urefu wa mita 13 na zaidi kwenda juu. Watu wanalipa kiingilio kukitazama. Ukiandika Tendaguru kwenye simu yako, utapata Berlin mara kumi kabla hujaipata Lindi. Utaona picha za Wajerumani na kofia zao. Boheti bin Amrani utamwona? Huyo ndiye aliyekuwa msimamizi mkuu wa wachimbaji, mtu aliyejua kuutoa mfupa ardhini bila kuuvunja. Wanasayansi wenyewe wamemkumbuka: mwaka 2007 dinosaria mmoja aliitwa *Australodocus bohetii*, kwa jina lake. Na mwaka 2019 mwingine akaitwa *Wamweracaudia*, kwa heshima ya Wamwera. Wamwera, ndugu zangu! Kabila la watu waliomo ndani ya ukumbi huu. Wangapi mlikuwa mnajua?

Simlaumu mtoto asiyejua. Kitu hakijaandikwa kwa lugha anayoisoma, mahali anapotafuta. Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu mwaka 2003, na kila mtu mwenye simu anaruhusiwa kuandika au kurekebisha, ilimradi aonyeshe alikotoa habari. Walimu wa historia, badala ya kuwapa watoto kazi ya kunakili, wapeni kazi ya kuandika makala moja kuhusu kata yao. Ukurasa mmoja. Wamuulize nani, waandike jina lake na tarehe. Hapo wamefanya kazi ya mkutubi bila kujua.

Ila nitie neno moja hapa, kwa sababu kuna mama zangu wamekaa pale. Si kila kitu chetu kinapaswa kwenda mtandaoni. Nyimbo za unyago na mambo ya jando yana wenyewe. Nimeona watu wanarekodi kwa kificho na kurusha ili wapate watazamaji. Hiyo haiitwi kuhifadhi utamaduni. Kabla hujarekodi, omba. Ukikataliwa, funga simu, shukuru, nenda.

Sasa swali la pili. Kesho tutakikuta?

Watu husema kilichoingia mtandaoni hakifutiki. Kwa picha yako ya aibu labda ni kweli. Kwa mambo ya maana, hapana. Kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilipima hilo mwaka 2024: katika kurasa zilizokuwepo mtandaoni mwaka 2013, asilimia 38 hazikupatikana tena miaka kumi baadaye. Zaidi ya theluthi imeyeyuka. Mwalimu unayewapa wanafunzi linki kila mwaka bila kuifungua kwanza, unajua ninachosema.

Na sisi limetukuta. Miaka ya nyuma mfadhili mmoja, ambaye sitamtaja, alituletea mfumo wa kuazimisha vitabu kwa kompyuta. Ulikuwa mzuri. Tukafundishwa siku mbili, tukapigwa picha. Hakuna aliyetuambia kwamba kumbukumbu zetu hazikai kwenye kompyuta ile, zinakaa kwenye seva yao, mbali. Mradi ukaisha. Seva ikazimwa. Asubuhi moja tukawasha, tukakuta skrini nyeupe. Kumbukumbu za miaka mitatu zikaenda, nani ana kitabu gani, kipi kimenunuliwa lini. Tuliokolewa na mzee wetu wa mapokezi, ambaye miaka yote mitatu alikataa kuacha daftari lake. Kila kitabu kilichotoka alikiandika kwa peni, mistari imenyooka kwa rula. Tulikuwa tunamcheka. Namuomba radhi leo mbele yenu.

Twendeni Kilwa. Kilwa ni ya Lindi, na hiki ndicho kisa ninachokipenda kuliko vyote, mnivumilie nikikirefusha.

Maandishi ya Kiswahili ya zamani kuliko yote yanayojulikana yaliandikwa wapi? Zanzibar? Lamu? Yaliandikwa Kilwa. Ni barua za mwaka 1711, Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, zilizotumwa kwa Wareno na washirika wao huko Msumbiji. Barua zenyewe ziko wapi leo? Ziko Goa, India. Zilifikaje Goa? Zama hizo Wareno waliitawala Msumbiji kutokea Goa, hadi mwaka 1752, kwa hiyo makaratasi ya Msumbiji yalipelekwa kwa wakubwa Goa, na karani fulani wa Goa, Mwenyezi Mungu amlipe, hakuyatupa. Ndiyo hivyo. Lugha yetu inayosemwa leo na mamilioni, barua zake za mwanzo tunazozijua zipo kwa sababu kuna mtu wa masijala, ng'ambo ya bahari, aliyepanga karatasi zake vizuri.

Kuna cha pili. Historia ya masultani wa Kilwa, iliyoandikwa kwa Kiarabu, ile inayosimulia jinsi kisiwa kilivyonunuliwa kwa kitambaa cha kukizunguka chote. Nakala yake ya mkono inayojulikana iko London, kwenye maktaba kubwa ya taifa ya Waingereza, British Library. Tulizoea kujifariji: angalau kule kuna usalama, kuna kiyoyozi, hakuna mchwa.

Oktoba 2023 wadukuzi wakaivamia maktaba hiyo. Kundi linaloitwa Rhysida. Wakafunga mifumo, wakaiba mafaili, wakadai bitikoini 20, ambazo wakati ule zilikuwa kama pauni 600,000. Maktaba ikakataa kulipa. Wadukuzi wakamwaga mtandaoni gigabaiti zipatazo 600 za mafaili, yakiwemo ya wafanyakazi. Hata katalogi haikutafutika hadi Januari 2024, na huduma nyingine zilichukua muda mrefu zaidi. Vitabu vilikuwepo rafuni, havikuguswa. Njia ya kuvifikia ndiyo iliyokatwa. Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 2024, ikawa zamu ya Internet Archive ya Marekani, ambayo tangu mwaka 1996 inatunza nakala za kurasa za mtandaoni ili zisipotee. Nayo ikavamiwa, ikawa haipatikani kwa siku kadhaa.

Nilipozisoma habari za London nilikaa kimya ofisini muda mrefu. Nilikuwa nafikiria kitabu kile cha Kilwa. Mvuvi wa Kilwa Kisiwani akitaka kujua alichoandikiwa babu yake, anategemea bahari, viza, na sasa hata wadukuzi. Siwaambii tuandamane kudai karatasi zirudi. Hilo lina watu wake na mjadala wake. Ninachosema ni kwamba kitu cha thamani kikikaa mahali pamoja, hata pawe London, kiko hatarini. Kiwe na nakala tatu, sehemu tatu, na moja kati ya hizo iwe nyumbani kwa mwenyewe.

Na hatari nyingine haina mdukuzi. Mei 2024, nani hapa amesahau? Kimbunga Hidaya kilipita pwani yetu mwanzoni mwa mwezi. Maji yakakata barabara kule Somanga. Mabasi yakalala, malori yakalala, bei ya vitu ikapanda hapa mjini. Tukasema, basi walau simu tunazo. Jumapili ya tarehe 12, mikongo miwili ya baharini inayotuletea intaneti, EASSy na Seacom, ikakatika pande za Afrika Kusini. Intaneti nchi nzima ikawa inasuasua. Barabara imekatika, mtandao umekatika. Kusini tukawa kisiwa.

Jumatatu yake asubuhi maktaba ilijaa. Wanafunzi walikuwa karibu na mitihani. Nasi tulikuwa na kitu kidogo tulichokiandaa mwaka mmoja kabla, tena bila sherehe. Ni kompyuta ya mezani iliyostaafu ofisini. Kitufe chake cha kuwashia kimevunjika, tunakibonyeza kwa kifuniko cha peni. Feni yake inalia kama cherehani. Ndani tumeweka Kiwix, programu ya bure iliyoanza mwaka 2007, inayochukua Wikipedia nzima ya lugha moja na kuifunga kwenye faili moja. Ukiwa nalo huhitaji intaneti hata kidogo. Tumeweka ya Kiswahili na ya Kiingereza iliyopunguzwa, na vitabu vya kiada tulivyovipakua kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, usiku, kwa bando la usiku. Kompyuta inatoa waifai yake yenyewe, inafika hadi barazani.

Siku ile watoto walikaa barazani mistari miwili, migongo ukutani, simu mkononi, wanasoma usanisinuru na Vita Kuu ya Kwanza bila bando, huku mji mzima unalalamika. Muhudumu wa mgahawa wa jirani akaja kuuliza sisi mtandao wetu tumeutoa wapi.

Juu ya kompyuta ile nimebandika utepe wa karatasi, nimeandika kwa maka nyeusi tarehe ambayo faili lilipakuliwa. Kila anayesoma aone kwamba habari hizi zinaishia siku ile. Mtoto mmoja aliniuliza kwa nini naandika tarehe kwenye mashine. Nikamwambia, kwani mwandishi wa barua haweki tarehe?

Wakuu wa shule mliopo, hili linawezekana kwenu. Haliombi jengo. Linaomba kompyuta moja ambayo bado inawaka, flashi kubwa, na mtu mmoja wa kuliangalia. Njooni tuwanakilie.

Nigusie jingine kwa kifupi. Mwanaume mmoja alikuja kaunta, mtu mzima, anaheshimika, akaniuliza mke wake huwa anaazima vitabu gani. Mke wake alikuwa anasoma Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Sikumjibu. Nilimwambia kwamba anachosoma mtu hapa ni chake, kama ambavyo naye anachosoma ni chake. Aliondoka amekasirika. Nchi yetu sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ya mwaka 2022, lakini wakutubi tulilishika hilo kabla ya sheria. Unapoitafuta habari ileile kwenye simu, kuna kampuni inakumbuka umetafuta nini, saa ngapi, ukiwa wapi, na inapata fedha kwa kukumbuka. Wanangu wa kike hasa, mkiwa na swali la mwili wenu au la haki zenu, mlango wetu uko wazi na midomo yetu imefungwa.

Sasa nimalizie na jambo la juzi.

Wiki mbili zilizopita alikuja bibi kutoka Mikindani, ameshikwa mkono na mjukuu wake. Amebeba kopo la biskuti, lile la bati, kubwa, kutu imelila pembeni, limefungwa kwa kipande cha kanga. Akaliweka juu ya meza yangu, akasema, "Mwanangu, mimi nazeeka. Wajukuu wanataka kulifanya kopo la sukari." Nikafungua. Barua. Zimekunjwa ndogondogo, nyingine mchwa wameshaonja kona. Zote hati ya Kiarabu, na nilipomsomea mjukuu wake herufi chache ninazozijua, tukagundua lugha ni Kiswahili. Ni barua za babu yake bibi, mfanyabiashara wa majahazi. Bibi mwenyewe hajui zinasema nini. Alizitunza tu, maisha yake yote, kwa sababu mama yake alimwambia azitunze.

Niliosha mikono, nikakausha, nikaikunjua ya kwanza taratibu juu ya kitambaa cheupe. Wino umekuwa wa rangi ya chai. Juu kabisa kuna tarehe.

Tumekubaliana na bibi hivi: kopo linabaki kwake. Sisi tunapiga picha, nakala moja tunampa mjukuu kwenye flashi, moja inabaki maktaba, moja tutaipeleka Dar es Salaam. Na hakuna kitakachowekwa mtandaoni hadi kwanza asomewe yeye, aseme ndiyo au hapana.

Tumeshapiga picha barua tisa. Zimebaki kama arobaini. Tatizo letu ni wasomaji. Kusoma Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, kwa mwandiko wa zamani usio na irabu, ni kazi ya watu waliozoea, na watu hao wako humu ndani au wako nyumbani kwenu. Walimu wa madrasa, masharifu, mabibi mliofundishwa na baba zenu barazani. Jumamosi saa 3 asubuhi, chumba cha nyuma cha maktaba. Tutakuwa na chai. Bibi atakuwepo, ameahidi, na atakaa kwenye kiti cha karibu na dirisha ili asikie vizuri.